Rangi ya ndimu sebuleni: Raha au karaha?

JE, msomaji mpenzi, umewahi kuingia katika nyumba ya mtu ukahisi kana kwamba ukuta umekuamkua kabla ya mwenyeji? Ikiwa bado, basi keti nikusimulie yaliyonipata katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili vya kulala mtaani Umoja, Nairobi, siku nilipoamua kuwa nimechoka na krimu.

Wewe mwenyewe unajua kuwa nyumba nyingi za kupanga jijini zimepakwa rangi moja. Kuanzia Pipeline hadi Zimmerman, kuanzia Kayole hadi Kangemi, ukifungua mlango unapokewa na krimu upande wa juu na, mara nyingi, mkanda wa rangi ya mafuta ya hudhurungi au kijivu unaofika kiunoni ili alama za mikono ya watoto zipanguswe kwa kitambaa. Landilodi hana haja ya kukufurahisha. Haja yake ni rangi ambayo mpangaji ajaye hatailalamikia. Nami nilikuwa nimeishi na krimu tangu siku za bweni. Nikasema liwalo na liwe.

Rangi niliyoitamani ni ile iliyo katikati ya manjano na kijani. Kiswahili chetu hupenda kuziita rangi kwa majina ya vitu tunavyovijua: zambarau ni tunda, kahawia imetokana na kahawa, manjano yenyewe ni kiungo cha mchuzi. Lakini rangi hii haijapata jina moja ambalo watu wote wanakubaliana nalo. Mmoja ataiita ya ndimu, mwingine ya jani changa la mgomba, na mafundi wa jijini huiita laimu. Wafaransa wana jina chartreuse, linalotokana na pombe kali ambayo watawa wa milima ya Alps wamekuwa wakiitengeneza kwa mimea 130 tangu karne ya 18. Sisi hapa tutaiita rangi ya ndimu, nikimaanisha ndimu iliyoanza kuiva.

Fundi alipoufungua mkebe aliutazama kwa muda, akautikisa kichwa.

"Mama, hii ni ya nyumba ama ni ya duka?"

Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba apake, nyumba ni yangu. (Haikuwa yangu, kama utakavyoona baadaye.) Alipaka kuta zote nne. Kufikia saa kumi na moja jioni kazi ilikuwa imekwisha, jua la magharibi lilikuwa likiingia dirishani, nami nilikuwa na furaha kama bi harusi.

Kisha giza likaingia, tukawasha stima.

Tulikuwa na taa ya tyubu, ile nyeupe ya bei rahisi. Papo hapo kuta zikaanza kurushiana rangi. Dari iliyokuwa nyeupe ikageuka kijani. Kochi letu la maruni, pamoja na vitambaa vyeupe alivyovifuma mama yangu kwa mkono, likaonekana kama limeletwa pale kwa nguvu. Baba watoto alipofika kutoka kazini alisimama mlangoni na mkoba wake, akauliza kwa upole, "Tumefungua duka la M-Pesa?" Wiki iliyofuata mama mkwe alitutembelea kutoka mashambani. Alimpakata kitinda mimba wetu, akamtazama sana usoni, halafu akaniita kando jikoni.

"Mwanangu, huyu mtoto mmempeleka hospitali? Mbona uso wake una manjano?"

Mtoto hakuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa ni ukuta.

SIRI IKO JICHONI

Baadaye ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza, na nikagundua kuwa kosa langu lilikuwa na sababu yake. Jicho la binadamu halizipokei rangi zote kwa usawa. Wakati wa mchana, mwanga unaolisisimua kuliko mwingine wote ni ule wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 555, na huo ni kijani kinachoelekea manjano, yaani rangi yetu hii hii. Ndiyo maana utaiona katika jaketi za wahudumu wa bodaboda, za polisi wa trafiki na za wajenzi wa barabara. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1970, miji kadhaa iliacha rangi nyekundu na kuyapaka magari ya zimamoto rangi hii ili yaonekane upesi barabarani. Sasa fikiria mwenyewe: mimi nilikuwa nimeivisha sebule nzima jaketi ya bodaboda, kisha nikawaambia watu waketi ndani wapumzike.

Jambo la pili ni kwamba ukuta huakisi. Mwanga ukigonga ukuta wa rangi ya ndimu unaondoka hapo ukiwa umechukua rangi hiyo, unagonga ukuta wa pili, unarudi, na kila safari rangi inazidi kukolea. Kile kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiberiti unachoonyeshwa dukani hakina mwenzake wa kurushiana naye. Kinadanganya, ingawa si kwa ubaya. Na nyuso za watu huwa katikati ya mvua hiyo ya rangi, ndiyo sababu usiipake kamwe karibu na kioo cha kunyolea ndevu au cha kujipodoa.

Je, basi tuiache kabisa? La hasha! Mimi bado naipenda, tena kuliko awali. Ila nimejifunza kwamba inatosha ukuta mmoja.

Wazee wetu wa Pwani walilifahamu jambo hili kwa njia yao. Ukiingia katika nyumba za kale za mawe mjini Lamu, mji ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, utakuta kuta za ndani ni nyeupe kwa chokaa na plasta iliyolainishwa. Zina safu za zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, na humo ndimo zilimowekwa sahani za kauri zilizoletwa na majahazi kutoka mbali. Rangi ilikuwa chache, na kila aliyeingia aliiona. Laiti ningalikumbuka hayo kabla ya kumwita fundi!

Sasa, ni ukuta upi? Usiuchague kwa kuwa ni mkubwa. Chagua ule ambao ungependa mgeni autazame kwanza, kwa sababu atautazama, apende asipende. Ukuta wenye nyaya za televisheni si huo, na kwa maoni yangu runinga yenyewe haifai kukaa mbele ya rangi hii kwani vitu hivyo viwili vitagombania macho yako usiku kucha. Ukuta ulio mkabala na dirisha ndio mzuri zaidi, maana unapata mwanga wa moja kwa moja. Ule wenye dirisha lenyewe huwa kivulini mchana, na rangi ya ndimu ikikaa kivulini hugeuka kama ukungu wa kidimbwini.

Tazama pia jua lako linaingia wapi. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua tunalolitegemea ndani ya nyumba ni la asubuhi kutoka mashariki au la jioni kutoka magharibi. La asubuhi huifanya rangi hii ichangamke. La jioni huivuta kuelekea manjano, nami ndilo lililonidanganya siku ile. Na kama unaishi katika majengo yaliyosongamana, ambako ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kumsalimia jirani, hupati jua bali unapata mwanga uliogonga ukuta wa mwenzako kwanza. Hapo tafuta sura iliyofifia ya rangi hii, kama nyama ya parachichi lililoiva, itakupa uchangamfu bila kukupigia kelele.

Balbu nayo ina neno lake. Ile yenye mwanga mweupe wa baridi, iliyojaa madukani, huifanya rangi ya ndimu iwe ya kijani kikali. Ile ya mwanga wa joto, unaofanana na wa moto wa jikoni, huituliza. Badilisha balbu kabla ya kuulaumu ukuta.

Na jaribio lisikushinde. Chukua upande mweupe wa katoni kubwa, upake koti mbili, uache ukauke kabisa. Kisha uegemeze ukutani na uutazame saa moja asubuhi, adhuhuri, na saa mbili usiku stima ikiwa imewashwa. Fanya hivyo siku tatu. Usijaribie kwenye ukuta wa krimu, kwa maana krimu inayozunguka kipande hicho itakupotosha. Ukikuta siku ya tatu bado unatabasamu unapopita hapo, nenda dukani.

Kuhusu viti na mapazia sitakuchosha. Kijivu, nyeupe, samawati iliyokolea na mbao za kahawia hupatana na rangi ya ndimu bila taabu. Zambarau inayoelekea wekundu ndiyo iliyo mkabala nayo katika duara la rangi, hivyo mto mmoja au miwili ya kochi ya rangi hiyo hupendeza sana. Kochi zima la maruni ni vita.

MKEBE UNA NINI?

Lakini kuna jambo ambalo fundi hakuliuliza, wala mimi sikulijua, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Rangi ya maji haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Itakauka, utafurahi, kisha baada ya miezi michache itaanza kubambuka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Kwa hivyo ule mkanda wa hudhurungi wa landilodi ulipaswa kuondolewa mng'ao kwanza. Fundi alichukua karatasi ya msasa, akasugua ikiwa kavu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Vumbi lilitanda sakafuni kama unga wa ngano. Nyumba ile ilikuwa imepakwa mara nyingi tangu ijengwe, rangi juu ya rangi, na hakuna aliyejua tabaka la chini lilitoka mkebe gani. Kitinda mimba wetu alikuwa na miezi kumi. Alikuwa akitambaa, na kila alichokishika kilikwenda mdomoni.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni muuguzi. Alikuja kulalamika kuhusu kelele, akachungulia, akaingia bila kubisha, akambeba mtoto.

"Huyu anakwenda kwangu mpaka mpige deki. Kwa maji, usifagie."

Nilidhani ana maringo. Jioni ndipo aliponieleza kuhusu madini ya risasi.

Kwa miaka mingi, msomaji, rangi za mafuta za manjano kali zilitengenezwa kwa kromati ya risasi. Ukiichanganya na buluu unapata kijani. Viwanda viliipenda kwa kuwa haikuwa ghali na ilifunika vyema. Ndiyo sababu, unaposhuku rangi ya mafuta ya zamani, ile ya manjano na ya kijani kinachong'aa ndiyo ya kushuku kwanza, na rangi yetu ya ndimu ni mtoto wa hizo mbili. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Hapa kwetu, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, linataka risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi. Hiyo ni habari njema kwa mkebe wa leo, lakini haiubadilishi ukuta uliopakwa kabla ya wewe kuhamia.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua: akili, makini, tabia. Ubaya ni kwamba mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Wakenya wengi waliisikia habari ya risasi kutoka kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi walidhurika kwa sumu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe Sh1.3 bilioni. Kule risasi ilitoka kiwandani. Wengi wetu hatukuwahi kuwaza kuwa inaweza pia kutoka katika rangi ya mlango.

Wala si mara ya kwanza rangi ya kupendeza kuficha sumu. Mwaka 1775 mwanakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, alivumbua kijani chenye umanjano kwa kutumia shaba na aseniki. Karne iliyofuata Waingereza wakaipaka karatasi za kupambia kuta, wakapamba vyumba vya watoto, na watu wakaugua ndani ya nyumba zao maridadi.

Sisi hatukumpeleka mtoto kupimwa damu. Sikujua kama kipimo hicho kipo, na nilipojua miezi ilikuwa imepita. Leo yuko gredi ya tatu, anasoma na kuhesabu vizuri. Lakini kila mwalimu anapoandika katika ripoti kwamba "hatulii darasani", nalikumbuka lile vumbi. Huenda hapana uhusiano wowote. Sitajua kamwe, na wewe sitaki uwe na swali kama hilo.

Kwa hivyo, kabla fundi hajagusa ukuta wenye rangi kuukuu ya mafuta, watoto na mama mja mzito wahamie kwa jirani au shangazi. Ukuta ulowanishwe kwanza, na itumike karatasi ya msasa ile isiyoharibiwa na maji, wanayoitumia mafundi wa kunyoosha mabati ya magari. Msimruhusu mtu aibabue rangi kwa moto. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa na sakafu ipigwe deki kwa sabuni, mara mbili, ufagio ukae pembeni. Fundi akifunga kazi asimshike mtoto kabla ya kubadilisha nguo na kunawa. Kama mtoto wako tayari amecheza katika vumbi la namna hiyo au ana tabia ya kubambua rangi na kuila, mwambie daktari wazi wazi, uulize kuhusu kipimo cha risasi katika damu.

Unapokwenda kununua, chukua rangi ya maji kwa ukuta, mkebe uwe umefungwa na wenye alama ya KEBS na maandishi kwamba haina risasi. Rangi iliyokorogwa kando ya barabara na kutiwa katika mkebe usio na jina, hata ikiwa nusu bei, iache hapo hapo. Kwa kitanda cha mtoto na vitu vyake vya kuchezea uwe mkali zaidi.

Hesabu ni rahisi. Lita moja hufunika takriban mita mraba 10 hadi 12 za ukuta laini kwa koti moja. Ukuta wa mita nne kwa mita mbili na nusu ni mita mraba 10, kwa hivyo koti mbili ni lita mbili. Lakini rangi ya ndimu hafifu hufunika vibaya, na hata iliyo kali mara nyingi hutaka koti ya tatu. Tanguliza andakoti nyeupe, nunua lita tatu, na uchague isiyong'aa kwa maana mng'ao huonyesha kila kigongo alichokiacha mpiga plasta.

Na landilodi? Mwandikie barua, apokee, ajibu kwa maandishi. Mimi niliridhika na "sawa tu" ya msimamizi wa ploti aliyoisema akishuka ngazi. Tulipohama, gharama ya kurudisha krimu ilikatwa katika dipoziti yetu, na nusu yake ikaenda na maji. Fundi wao alihitaji koti tatu kuifukia rangi yangu. Sikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha.

Sasa tunaishi Donholm. Kuna ukuta mmoja wa ndimu, mkabala na dirisha, nyuma ya rafu ya vitabu, na barua ya mwenye nyumba iko kwenye faili. Katoni ya majaribio aliipaka yule kitinda mimba mwenyewe. Kochi la maruni lilikwenda mashambani, ambako linaheshimiwa. Mwezi wa Aprili mama mkwe alikuja tena. Alitutazama nyuso zetu mmoja mmoja, akaridhika, kisha akautazama ukuta.

"Hii ni kama migomba yangu baada ya mvua," akasema. "Haikubaki kidogo nipake ule mlango wa mbele?"

Robo lita ilikuwa imebaki, iko juu ya kabati, nambari ya mchanganyiko imeandikwa kwenye kifuniko. Nikamweleza kuwa hiyo ni ya maji, na mlango wa nje unataka ya mafuta. Kisha nikamuuliza mlango huo ulipakwa nini miaka hiyo, na nani hucheza kibarazani hapo. Akaanza kuwahesabu wajukuu kwa vidole.